Maisha ya Mama Rudia, Mwongoza Ndege wa Mnarani

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama na familia hii: huyu tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Rudia. Wageni wakifika nyumbani kwake walikuwa wakiuliza, "Huyo Rudia mwenyewe yuko wapi, mbona hatumwoni?" Hakuna mtoto wa jina hilo. Jina alipewa kazini, na lilimkaa kuliko lile la cheti cha kuzaliwa. Yafuatayo ni maisha yake kwa ufupi, yakisomwa na binti yake mkubwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Baba yake alikuwa mpasuaji mbao, na mlio wa msumeno ulimla masikio taratibu, hata binti huyu alipoanza kusema, mzee alikuwa hasikii mpaka apigiwe kelele usoni. Mama yake alikuwa mshonaji, na cherehani nayo haikunyamaza. Katika nyumba ile kila mtu alipaza sauti, isipokuwa yeye. Yeye alimshika baba kidevu, akamgeuza amtazame, akasema neno mojamoja, kisha akauliza, "Baba, nimesemaje?" Mzee akikosea, anaanza upya.

Kisa kimoja familia ilikipenda sana. Kaka mkubwa alipita mlangoni mbiombio akamwambia baba, "Shangazi anakuja Jumamosi!" Mzee akasikia "anakufa". Akavaa koti, akatoka analia, akashika njia ya stendi. Marehemu, wakati huo hajaanza hata shule, alimfukuza peku mpaka njia panda, akamshika kidevu, akamnyooshea habari. Shangazi mwenyewe aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila akifika alikuwa akisema mlangoni, "Jamani, ndiyo nimekuja, sijafa."

Alisoma shule ya msingi ya kiwanda kuanzia mwaka 1964, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, alikomaliza mwaka 1976. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alipenda jiografia, na alichukia kuimba, jambo lililowashangaza watu kwa sababu sauti yake ilikuwa nzuri: ya chini, tulivu, isiyopanda hata akiudhika. Mwaka uliofuata aliona tangazo la mafunzo ya kuongoza ndege likiwa limebandikwa posta, akaomba. Kwenye usaili mzee mmoja mwenye miwani alimuuliza, "Sasa wewe binti, rubani mwanamume akikukaripia hewani utafanyaje?" Akamjibu, "Nitamwambia arudie. Pengine sikumsikia vizuri." Walicheka wote mezani, na akapata nafasi.

Alihitimu mwaka 1979 na kupangiwa kwenye uwanja wa ndege alikofanya kazi maisha yake yote. Haukuwa uwanja mkubwa. Mnara wake ulikuwa chumba cha vioo pande zote, chenye ngazi za chuma zilizolia kila mtu akipanda, kiti kimoja kizuri na kimoja kilichochanika, feni, birika la umeme, darubini, na taa ya ishara iliyoning'inia darini kwa ndoano. Hiyo ilikuwa kwa siku ambayo redio ingegoma: unamulikia rubani nyekundu asitue, au kijani atue.

Redio iligoma mara nyingi. Wakati mwingine sauti ilikuja imekatwakatwa kama mtu anayezungumza huku anatafuna. Wakati mwingine marubani wawili walibonyeza vitufe kwa pamoja, na mnarani ukasikika mluzi mtupu. Kila mmoja wao akadhani amesikika. Zilikuwapo ndege mbili zenye majina ya kuitwa yaliyofanana kama mapacha, na mara kwa mara ya kwanza iliitikia maagizo ya ile ya pili. Marehemu hakukubali rubani amjibu "sawa" au "nimepata". Alisema, "Rudia." Rubani akirudia nusu, alisema tena, "Rudia yote." Wapo waliokereka. Kuna mmoja aliwahi kumwambia hewani, mbele ya wenzake wote, "Mama, hata mke wangu hanihoji hivi." Akamjibu, "Na ndiyo maana huwa unachelewa kufika. Rudia." Jina likamshika siku hiyohiyo.

Kila redio ilipogoma aliyeitwa alikuwa fundi redio wa uwanja, kijana mpole mwenye mfuko wa bisibisi. Alipanda zile ngazi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wenzao walianza kusema redio za siku hizi zinaharibika zamu ya Mama Rudia tu. Walifunga ndoa tarehe 14 Julai 1984. Mfungishaji ndoa alipomuuliza bwana harusi kama amemkubali huyu kuwa mkewe, akajibu, "Ndiyo." Bibi harusi akamgeukia na kusema kwa sauti ile ile ya mnarani, "Rudia yote." Ukumbi ulivunjika mbavu. Bwana harusi akayarudia yote, neno kwa neno, jasho linamtoka. Walijaliwa watoto watatu.

Familia ilikaa ikajiuliza kama yanayofuata yasemwe leo. Tumeona yasemwe, kwa sababu wengi wenu mliyasikia nusunusu, na marehemu hakupenda habari ya nusu.

Tarehe 22 Aprili 1991, saa za mchana, mvua ikiwa imetoka kukatika, ndege ya mizigo ilitua na kupasukiwa na tairi katikati ya barabara ya kurukia. Nyuma yake ilikuwa inakuja ndege ndogo ya abiria, ambayo marehemu alikwisha kuipa ruhusa ya kutua. Akabonyeza kitufe na kuiambia isitue, ipande tena. Hakujibiwa. Badala yake masafa yakajaa muungurumo wa injini, na ndani ya muungurumo ule akasikia watu wawili wanaongea. Alielewa papo hapo. Kitufe cha redio cha ndege ile kilikuwa kimebonyea na kukwama. Kikishakaa hivyo, ndege inasema tu, haisikii. Yeye aliwasikia, wao hawakumsikia, wala hawakujua kwamba wanasikika.

Ilikuwapo redio ya akiba, ya masafa mengine, ambayo marubani walizoea kuisikiliza kwa redio yao ya pili. Siku hiyo mahali pake mezani palikuwa na alama ya vumbi yenye pembe nne na nyaya zilizofungwa kwa uzi. Redio yenyewe ilikuwa chini, karakanani, inasubiri vipuri tangu mwaka uliotangulia.

Mwenzake wa zamu alirukia taa ya ishara akaanza kumulika nyekundu. Lakini jua lilikuwa limefunguka ghafla nyuma ya mawingu na lami ilikuwa inang'aa maji. Baadaye ilionekana kwamba taa isingeweza kuonekana kutoka kule. Marehemu aliendelea kuita. Na wakati anaita, alimsikia rubani msaidizi, kijana, akimwambia mkubwa wake, "Mbona mnara kimya?" Kisha, kwa kucheka, "Yule mama leo amelala." Rubani mkuu akasema, "Mwache apumzike, ruhusa tunayo."

Waliiona ndege ya mizigo wakiwa chini sana. Walijaribu kuinuka. Magurudumu yaliigonga ile ya mizigo, ndege ikapita uzio na kuangukia mtaroni. Walifariki abiria wawili na yule rubani msaidizi. Wengine waliokolewa, akiwamo rubani mkuu, ambaye hakuruka tena.

Tume ya uchunguzi ilikaa miezi mingi. Ilisikiliza kanda, ikapima kitufe, ikasema mwongoza ndege hakuwa na kosa. Hilo liliandikwa ndani, kwenye kurasa ambazo watu hawakuzisoma. Lakini kanda yenyewe ilikuwa imechezwa mbele ya watu, na kilichotoka mle ukumbini na kutembea mjini kilikuwa maneno matatu ya mzaha: mama leo amelala. Sokoni walisema amelala. Kwenye foleni ya maji walisema amelala. Huyu anayesoma mbele yenu alikuwa darasa la kwanza, na aliambiwa na mwenzake wa dawati, "Mama yako alilala kazini, ndege ikaanguka." Alirudi nyumbani akamuuliza. Marehemu alikuwa anakunja nguo. Alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena, ndipo akasema, "Nilikuwa macho, mwanangu. Nilikuwa macho kuliko siku zote."

Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Aliyeishusha redio ya akiba kutoka mnarani alikuwa mume wake. Jioni moja ya wiki ile alimuuliza, "Baba watoto, ile redio ilikuwa wapi?"

"Unajua ilipokuwa."

"Nataka uniambie wewe."

"Ilikuwa mezani kwangu, imefunguliwa tumbo. Niliomba vipuri, wakasema bajeti. Nikaomba tena, wakasema bajeti. Ulitaka niitengeneze kwa mate?"

"Ungeirudisha hivyohivyo mbovu, ningejua sina."

"Ulijua huna! Nafasi uliiona kila siku!"

Kweli aliiona, na yeye pia alikuwa ameilalamikia. Hakuna aliyekuwa mwongo, na ndiyo maana ugomvi ule haukuwa na pa kuishia. Mbele ya tume marehemu aliulizwa kama fundi alizembea. Wakubwa walikuwa wamekaa pale pale, na kila mtu chumbani alijua jibu gani lingewapunguzia mzigo. Akasema, "Fundi aliomba, na mimi niliomba. Ulizeni tulijibiwa nini." Kwa jibu hilo aliondolewa mnarani na kuwekwa ofisi ya chini, kugawa vitambulisho vya magari. Mume wake aliacha kazi mwaka uleule, akafungua kibanda cha kutengeneza redio na televisheni mjini. Kwa muda mrefu walikula meza moja bila mazungumzo, na watoto ndio waliopeleka habari: "Mama anasema gesi imeisha." "Mwambie nimesikia."

Katika miezi hiyo ndipo mama mzazi wa rubani msaidizi alipokuja nyumbani. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, na huyo aliyefariki alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuja mchana wa Jumapili, amevaa viatu vya kwendea mbali. Hakukubali maji wala kiti. Alisimama katikati ya sebule akasema, "Mwanangu alisema umelala. Nimekuja kuuliza. Ulilala?"

Marehemu alisimama pia. "Hapana, mama. Nilikuwa namwita."

"Ulimwitaje?"

"Niliita ndege kwa jina lake, nikamwambia asitue."

"Sikuulizi ulisema nini. Hayo nilisomewa. Nauliza ulimwitaje. Niitie kama ulivyomwita."

Watoto walikuwa chumba cha pili, na baba yao alikuwa uani anafunga mnyororo wa baiskeli. Wote walisikia. Marehemu, ambaye sauti yake haikuwahi kupanda, aliita. Aliita jina la ndege, akasema usitue, panda, njia imezibwa, panda, akaita tena, na tena, na mara ya mwisho hakuita ndege, aliita, "Mwanangu, panda! Panda, mwanangu!" Maneno hayo ya mwisho hayakuwa yamesomwa mahali popote. Kanda haikuyashika, kwa kuwa masafa yalikuwa yamejaa sauti za wale wawili.

Mama yule alikaa chini, sakafuni si kitini. Hakusema amesamehe, na wala hakuna aliyemwomba aseme. Alikaa mpaka pumzi yake ilipotulia, akachukua mkoba wake akaondoka. Mume wa marehemu aliingia kutoka uani mikono ikiwa imejaa grisi. Alimkuta mkewe bado amesimama palepale. Akamwambia, "Kaa, mama watoto. Kaa nikupikie chai." Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu ule ugomvi kusemeshana bila mtoto katikati.

Wiki zilizofuata kitu kikaanza kutokea mjini bila familia kujua kinatoka wapi. Watu waliacha kusema amelala. Baadaye sana ndipo jirani mmoja muuza nyanya alipotusimulia. Alisema mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akipita sokoni, na popote alipokuta maneno hayo yanasemwa alitua kikapu chake na kusema, "Wewe umefiwa na nani kule? Basi nyamaza. Mimi nimefiwa. Na nimesikia alivyomwita." Akabeba kikapu akaenda zake.

Marehemu alirudishwa mnarani mwaka 1993, baada ya waongoza ndege wenzake kuandika barua ya pamoja. Asubuhi ya kwanza mume wake alimpeleka kwa baiskeli, akapanda naye zile ngazi ingawa hakuwa na kibali tena, akaketi kwenye kile kiti kilichochanika. Ndege ya kwanza ikaita. Marehemu akabonyeza kitufe, mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Mwenzake akamsaidia kujibu. Ndege ya pili, vivyo hivyo. Mlinzi alikuja kumtoa fundi; fundi akamwambia, "Nitoe, ila ungoje kwanza." Ndege ya tatu ilipoita, marehemu alijibu, na rubani akasema, "Sawa." Kisha wakamsikia: "Rudia." Fundi akanyanyuka akamfuata mlinzi mwenyewe, bila kuvutwa.

Redio mpya ya akiba ilifika mwaka uliofuata. Marehemu hakuishukuru, alisema tu ifungwe nyaya haraka. Kuanzia hapo hadi alipostaafu mwaka 2014 alifundisha vijana wengi, na baadhi yenu mpo hapa. Aliwafundisha kwamba mnara ukiwa kimya kuliko kawaida, rubani atazame kitufe chake kwanza kabla ya kumcheka mtu. Hakuwaambia habari ya mzaha ule, waliijua. Lakini hatutasema kwamba alipona machungu ya siku ile ya ajali. Kwa miaka yote iliyobaki hakuweza kuvumilia simu isiyopokelewa. Ukikosa kupokea alipiga tena na tena, halafu akampigia jirani yako, halafu akapanda gari aje. Wakwe zake wapya waliona anasumbua. Sisi tulipokea simu.

Mwaka 2019 miguu ilianza kumvimba na pumzi kumkatika akipanda hata kizingiti. Madaktari walisema ni moyo. Alilazwa na kuruhusiwa mara kadhaa. Mume wake alihamishia kitanda sebuleni, karibu na dirisha, na kila jioni alimkanda miguu huku redio ndogo inaongea habari ambazo hakuna aliyezisikiliza. Mwezi Septemba mwaka huu alizidiwa akalazwa tena. Hakuwa na maumivu makali, ila alichoka, na alisema waziwazi kwamba amechoka.

Siku chache kabla hajafariki, mama wa rubani msaidizi alifika wodini. Sasa ni bikizee, anatembelea mkongojo, na aliletwa na mjukuu wa jirani yake. Katika miaka yote hiyo walikuwa wamesalimiana barabarani na kwenye misiba ya watu, basi; hawakuwahi kuketi pamoja tena tangu Jumapili ile. Muuguzi alimpa kiti, na safari hii alikikubali. Marehemu alimtazama, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, bado una hasira?"

Bikizee akajibu, "Ninayo, binti yangu. Lakini si yako."

"Ni ya nani?"

"Sijui. Nimeitafutia mwenyewe, sijampata. Wewe lala, usijisumbue nayo."

Akamfunika shuka mpaka mabegani, akaketi mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2022, mume wake akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, fundi redio mstaafu, watoto watatu, binti wawili na kijana mmoja, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili, wakwe, mashemeji, mawifi, na waongoza ndege aliowafundisha, walio kwenye minara mbalimbali. Familia iliomba kumwandika pia mama wa marehemu rubani msaidizi. Amekataa. Amesema yeye si ndugu, na msiba huu usiandikiwe jina lake. Tumemheshimu, hatukumwandika. Ila mstari wa mbele, pembeni ya mzee wetu, tumemwekea kiti, na amekikalia.

Mwenyezi Mungu ampokee mama yetu, ampe pumziko na amani.